Kijana, sehemu yako ya ukuta ni ipi?

Kama umewahi kufika Kilosa wakati wa masika, unaujua Mto Mkondoa. Kiangazi ni mto mpole. Mvua zikinyesha huko juu milimani, hubadilika kwa usiku mmoja. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 ulifurika, ukalishinda tuta lililokuwa linaukinga mji, ukaingia majumbani. Maelfu ya watu walikosa makazi wakaishi kwenye mahema. Reli ya kati iliharibiwa kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 maji yakaja tena, safari hii upande wa Magole na Dumila, na safari za kutoka Morogoro kwenda Dodoma zikakwama hapo.

Kila baada ya mafuriko swali letu huwa moja: nani atajenga tuta? Na jibu letu huwa moja pia: serikali. Ni kweli serikali ina wajibu wake, na mto mkubwa hauzuiliwi kwa majembe ya mkono peke yake. Lakini miti iliyokatwa milimani tuliikata sisi. Mahindi yanayopandwa mpaka kwenye ukingo wa mto tunayapanda sisi. Mitaro iliyozibwa na takataka tumeiziba sisi.

Fungua Biblia yako leo usome kitabu cha Nehemia, sura ya tatu. Ni sura ambayo wahubiri wengi huiruka kwa sababu imejaa majina. Yerusalemu ilikuwa haina ukuta, na sura ile ni orodha ya watu waliojitokeza kuujenga. Kuhani mkuu Eliashibu yupo. Wafua dhahabu wapo, na watengeneza manukato wapo. Shalumu yupo pamoja na binti zake. Wengi walipewa sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba zao wenyewe. Mwandishi hakuwaficha hata wakuu wa Watekoa, ambao walikataa kuinamisha shingo kufanya kazi. Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya ombi dogo linalofika katika nyumba zetu nyingi. Kijana anarudi nyumbani na kusema anataka kujiunga na skauti, au na klabu ya vijana ya kata inayotunza kitalu cha miche, kutundika mizinga ya nyuki na kwenda kujitolea kusafisha mazingira ya hospitali siku ya Jumamosi. Swali la kwanza la mzazi ni moja: watalipwa shilingi ngapi? Akiambiwa hakuna malipo, mzazi anasema mtoto asipoteze muda. Kijana anabaki nyumbani. Jumamosi hiyo hiyo utamkuta kijiweni akisubiri jua lizame.

Ndugu msomaji, leo nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye kazi yake inahusika sana na ombi la kijana huyo. Kaburi lake liko jirani hapa, Nyeri nchini Kenya, katika makaburi ya Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Petro, mahali ambapo mawingu yakiondoka unauona Mlima Kenya. Jina lake ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mtoto alipofika miaka mitatu, baba akafariki. Mama yake, Henrietta, akabaki mjane mwenye watoto wengi wa kulea. Ndiye aliyewafundisha kujitegemea, na kaka zake wakamfundisha kupiga makasia na kulala nje porini.

Shuleni Robert hakuwa nyota. Alisoma Charterhouse, na darasa alilolipenda kuliko yote halikuwa na ubao. Jirani na shule kulikuwa na msitu ambao wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia. Alikuwa akitoroka kwenda kujifunza nyayo za wanyama, kujificha walimu wasimwone, na kupika sungura kwa moto usiotoa moshi mwingi. Alipomaliza shule alijaribu kuingia Oxford, pale pale alipokuwa akifundisha baba yake, akakataliwa. Mzazi mwenye kijana aliyefeli mtihani, naomba uishike habari hii. Mwaka 1876 akafanya mtihani wa kuingia jeshini, akawa miongoni mwa waliofaulu vizuri kabisa, na akapelekwa India.

Sasa tuseme ukweli wote, maana tafakari ya Jumapili inayoficha dhambi za watu wakubwa haimsaidii mtu. Baden-Powell alikuwa askari wa dola iliyokuwa inazitwaa nchi zetu. Alishiriki katika msafara wa kuitiisha Asante, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1896 alipelekwa Matabele, Zimbabwe ya leo, ambako wenyeji walikuwa wameinuka kupinga kunyang'anywa ardhi na ng'ombe wao. Huko chifu mmoja aitwaye Uwini, aliyekuwa mateka, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi aliyoiitisha Baden-Powell, akapigwa risasi. Wakubwa wake walilichunguza jambo lile wakamwona hana hatia. Wajukuu wa Uwini wana haki ya kuliona kwa namna nyingine.

Kisha ikaja vita ya Waingereza na Makaburu. Kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, kwa siku 217, Baden-Powell aliulinda mji mdogo wa Mafeking huko Afrika Kusini ukiwa umezingirwa na adui. Uingereza nzima ilimfanya shujaa. Wasichokisherehekea sana ni kwamba Waafrika waliokuwa ndani ya mji ule, ambao baadhi yao walishika silaha kuulinda, waligawiwa chakula kwa mkono mfupi kuliko wazungu, na wengine wakafa kwa njaa.

Katika mji huo huo uliozingirwa aliona jambo ambalo hakulisahau. Askari walikuwa wachache, kwa hiyo wavulana wa mji walipangwa katika kikosi cha kupeleka ujumbe, kulinda lindo na kusaidia hospitalini. Watoto ambao jana waliambiwa wasicheze karibu na watu wazima, leo walikabidhiwa kazi yenye maana. Wakaifanya, wakakua haraka. Askari yule akajiuliza: kama mtoto anaweza kubeba dhamana wakati wa vita, kwa nini tusimpe dhamana wakati wa amani?

Aliporudi Uingereza alikuta kijitabu chake kidogo, alichokiandika kwa ajili ya askari, kinasomwa na walimu na viongozi wa vijana. Mmoja wa waliomtia moyo alikuwa William Smith, Mkristo wa Glasgow ambaye mwaka 1883 alianzisha Boys' Brigade, chama cha vijana wa kanisa. Smith alimwomba akiandike upya kwa ajili ya watoto, kiwe cha amani. Baden-Powell alikubali, lakini kabla ya kuandika akaamua kujaribu.

Agosti 1907 alichukua wavulana 20 hivi, akavuka nao bahari kidogo hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Hapa, msomaji wangu, ndipo penye kiini cha habari yetu. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na matabaka makali. Mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua hawakusoma pamoja wala kula pamoja. Baden-Powell alichukua baadhi ya wavulana kutoka shule za matajiri kama Eton na Harrow, na wengine kutoka Boys' Brigade ya miji ya Poole na Bournemouth, watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Akawachanganya. Akawagawa katika vikundi vinne vidogo vyenye majina ya wanyama na ndege, na kila kikundi akakipa kiongozi ambaye naye alikuwa kijana.

Kila asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe la tandala alilolipata katika vita ya Matabele. Nimelifikiria pembe hilo mara nyingi. Lilikuwa sauti ya watu wa Afrika waliokuwa wanapigania nchi yao, likachukuliwa na aliyewashinda, na sasa likawa linawaita watoto wa tajiri na wa maskini watoke mahemani wakale uji pamoja. Mungu ana njia ya kuvipata hata vitu vilivyopatikana vibaya na kuvitia katika kazi njema. Hilo halimfanyi aliyevichukua kuwa mwema. Linatuonyesha Mungu alivyo.

Kwa wiki moja wavulana wale walipika, wakafunga kamba, wakasoma nyayo, wakajifunza kumwokoa mtu anayezama na kumhudumia majeruhi. Mikono ilipokuwa na kazi moja, hakuna aliyekumbuka kuuliza baba wa mwenzake analipwa kiasi gani. Sufuria ikiungua, iliungua kwa wote.

Mwaka 1908 kitabu chake kikaanza kutoka kwa sehemu ndogondogo za bei nafuu. Kilichofuata kilimshangaza hata yeye. Kabla hakijakuwepo chama kamili, watoto walinunua vijitabu vile, wakajipanga wenyewe katika vikundi, kisha wakaenda kumtafuta mtu mzima wa kuwalea. Mwaka 1909 zaidi ya vijana 10,000 walikusanyika London, na katikati yao wakatokea wasichana ambao hawakualikwa, wakidai kwamba na wao ni skauti. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa dada yake Agnes, chama cha wasichana kikaanzishwa. Mabinti wa Shalumu, wale wa Nehemia, wangefurahi. Mwaka huo huo wa 1910 Baden-Powell aliacha jeshi ili awatumikie vijana, na skauti wa Uingereza walikuwa wameshapita 100,000.

Mwaka 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames, binti aliyezaliwa tarehe ile ile ya 22 Februari, wakapata watoto watatu. Mwaka 1920 vijana wa mataifa mbalimbali walikutana London, wakamtangaza kuwa Skauti Mkuu wa dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka miwili tu nyuma, na sasa watoto wa mataifa mbalimbali walikuwa pamoja.

Lakini hata hapo alibaki binadamu wa wakati wake. Huko Afrika Kusini vijana weusi walikataliwa kuingia katika skauti, wakawekewa chama cha pembeni. Alipokwenda kulishughulikia jambo hilo mwaka 1936, yaliyopatikana ni matawi yaliyotengwa kwa rangi chini ya shirikisho moja. Mtu aliyewachanganya watoto wa matajiri na wa maskini kisiwani Brownsea hakufika mwisho wa njia yake mwenyewe. Petro naye alikula na watu wa mataifa kule Antiokia, kisha akajitenga kwa kuwaogopa watu, mpaka Paulo akamkemea mbele ya wote. Tumsome Baden-Powell hivyo hivyo: tuchukue alichokianza vizuri, na mahali aliposimama kwa woga sisi tupapite.

Mwaka 1938, mzee na mgonjwa, alihamia Nyeri na mkewe, katika nyumba ndogo. Akawa anachora wanyama na kuandika. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Skauti waafrika na wazungu walikuwa miongoni mwa waliomsindikiza kaburini.

Sasa turudi Kilosa. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uligeuka mauaji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Sitaki kuutonesha ule msiba, lakini hatuwezi kuomba amani tukiwa tumefumba macho. Wilaya hii ina Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Ina Wamaasai wenye ng'ombe, na ina watu waliokuja kwa sababu ya mkonge, reli na mashamba. Watoto wao wanakutana darasani, kengele ikilia kila mmoja anarudi upande wake. Wakiwa wakubwa wanakutana shambani, ng'ombe wakiwa ndani ya mahindi, na hawajuani hata kwa majina.

Hebu fikiri kikundi cha vijana wanane, nusu watoto wa wakulima na nusu watoto wa wafugaji. Wanatunza kitalu kimoja cha miche ya kupanda kandokando ya Mkondoa. Mtoto wa mfugaji anamweleza mwenzake ng'ombe anakula nini kiangazi. Mtoto wa mkulima anamweleza mwenzake gunia moja la mahindi limegharimu siku ngapi za jembe. Miaka kumi baadaye, siku ng'ombe watakapoingia shambani, kutakuwa na mtu wa kumpigia simu kabla ya kuita watu wenye mapanga. Hilo halifundishwi kwa semina ya siku moja ukumbini. Linafundishwa na ndoo ya maji inayobebwa na watu wawili.

Nenda na Mikumi. Kutoka Kilosa unapita Ulaya, hiyo kata yetu isiyohitaji viza, unafika mji uliokaa ubavuni mwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakatiza katikati ya hifadhi. Magari yanagonga wanyama, na magari yanapata ajali. Kijana wa Mikumi aliyejifunza kuzuia damu na kumlaza majeruhi vizuri anaweza kuwa ndiye tofauti ya uhai na kifo kabla gari la wagonjwa halijafika. Kijana aliyejifunza kufuga nyuki ana sababu ya kuuacha mti usimame. Na yule ambaye nyumbani kwao tembo ni mwizi wa mahindi anahitaji wenzake wa kufikiri naye namna ya kulilinda shamba bila kuweka sumu.

Kwa hiyo, mzazi, kijana akileta ombi lile, usiulize kwanza malipo. Yapo maswali mengine unayopaswa kuuliza, na uyaulize kwa ukali: nani anawasimamia? Wanakutana wapi na saa ngapi? Uongozi wa shule au wa kijiji unawajua? Michango inatunzwa na nani, na taarifa inasomwa kwa nani? Mtu anayejificha kwa watoto hapendi maswali hayo, na anayewapenda watoto huyafurahia. Ukiridhika, mruhusu. Na Jumamosi moja uende mwenyewe ukashike jembe, akuone.

Kijana, usijiunge kwa ajili ya skafu tu. Tumezoea kuwaona skauti siku za Mwenge na za wageni, wakimvisha kiongozi skafu na kupigiwa makofi. Ni heshima nzuri, lakini kikundi ambacho kazi yake ni hiyo tu hakijaanza. Ahadi ya skauti inaanza na wajibu kwa Mungu, na inakwenda moja kwa moja kwenye kuwasaidia watu. Uliza kikundi chenu kimepanda nini, kimetengeneza nini, kimemsaidia nani. Kama katika kata yako hakuna kikundi, fanya kama wale watoto wa mwaka 1908: jikusanyeni wachache, kisha mtafuteni mtu mzima mwaminifu awalee.

Na wewe mchungaji na mzee wa kanisa, naomba nawe unisikilize. Kwaya zetu za vijana zina sare tatu kila moja na spika kubwa. Je, zina majembe mangapi? Siku maji ya Mkondoa yatakapokuja tena, hayatauliza nani aliimba sauti ya tatu vizuri. Tuimbe, na Jumamosi tupande miti. Na mwaliko uvuke uzio wa kanisa: mtoto wa Kiislamu na mtoto wa boma la Kimaasai wana sehemu yao ya ukuta, kwa kuwa maji yakija hayachagui mlango.

Juu ya kaburi la Baden-Powell kumechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huwaachia wenzao njiani, na maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Kila mmoja wetu atafika siku ya alama hiyo. Wanaotufuata nyuma wataangalia tulikopita. Heri wakute miti imesimama ukingoni mwa mto, na majirani waliowahi kushika ndoo moja.

Tuombe. Baba, utusamehe kwa kuwa kama wakuu wa Watekoa, tukiwaachia wengine kazi iliyo mbele ya nyumba zetu. Wabariki vijana wa Kilosa na Mikumi, na wa kila kata ya nchi hii. Uwape wenzi wema, wasimamizi waaminifu na kazi ya mikono yao. Uwapatanishe wakulima na wafugaji kupitia watoto wao. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, amina.